Turbo inakatakata ukikanyaga? Chunguza plagi kwanza kabla hujauziwa pampu

Kuna dalili moja wenye magari ya turbo huku kwetu wanaijua hata kabla hujamaliza kuwaelezea. Mjini gari iko sawa, haina neno, lakini ukifika barabara kuu unataka kupita lori pale Salgaa, unakanyaga, turbo inaanza kujaza na hapo hapo injini inaanza kukatakata trrr-trrr kama mtu anazima na kuwasha switchi, ukiachilia kidogo inatulia. Sasa uliza watu. Wa kwanza atasema pampu ya mafuta, wa pili turbo imekufa, wa tatu yuko tayari na koili nne (zile zinazopeleka umeme kwa plagi) za kukuuzia. Mara nyingi shida ni plagi, tena si lazima ziwe zimeharibika, unaweza kukuta ni mpya kabisa ila ni za gari nyingine au gepu haifai.

Kuna mambo mawili hapa watu wanayachanganya, na ukiyachanganya utabadilisha plagi kila mwezi na gari bado iko vile vile. La kwanza ni gepu, ule mwanya kati ya ncha ya katikati na kile kidole cha chuma kilichopinda juu yake. Gepu ni mambo ya umeme. La pili ni kiwango cha joto cha plagi, ile tunasema plagi baridi (inatoa joto haraka) na plagi moto (inashikilia joto), na hiyo ni mambo ya moto ulioko ndani ya silinda. Gari ikikatakata ukikanyaga, plagi baridi peke yake haitakusaidia. Gari ikigonga, yaani mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda, na kuchoma plagi, kubana gepu hakutaiponya. Nimesikia mafundi wazuri tu wakisema "weka namba saba itaacha kumisi" (namba saba ni plagi baridi, kumisi ndiyo kule kukatakata) na mwenye gari analipa, anarudi baada ya wiki analalamika.

Kwa nini turbo ndiyo inasumbua hivi? Cheche inaruka kwenye hewa, na hewa ikishindiliwa zaidi ndivyo umeme mwingi zaidi unahitajika kuiruka. Injini ya kawaida hapa Nakuru, mita kama 1,850 juu ya bahari, inavuta hewa nyepesi na gepu ya 1.1mm haina shida nayo. Turbo kazi yake ni kushindilia, kwa hivyo ukikanyaga umeme unaohitajika unapanda ghafla, na koili ina mwisho wake. Ikishindwa kuruka gepu, umeme unatafuta njia rahisi, unapita nje ya kauri ya plagi ama unatoboa ule mpira wa koili, ama hauruki kabisa. Petroli ya hiyo silinda inatoka bila kuungua na wewe unasikia trrr. Ndiyo maana ikiwa haina mzigo iko sawa, manake hapo hakuna busti, ile hewa inayoshindiliwa na turbo, na hata koili mzee anaweza.

Inakatakata kwa busti tu, kwingine iko sawa

Toa plagi zote, zipange kwa meza vile zilivyokuwa kwa silinda, usizirushe kwa kopo moja, juu mpangilio ndio utakuonyesha mambo. Pima gepu ya kila moja. Injini nyingi za turbo zinatoka kiwandani na gepu ya 0.7 hadi 0.8mm. Injini za Subaru za EJ20 turbo, za Forester na Impreza za miaka ya 2000, zilitumia sana plagi ya NGK PFR6G ya gepu hiyo, na Golf na Audi nyingi za 2.0 turbo zinatumia PFR7S8EG ambayo pia ni 0.8. Plagi ikitembea ncha inalika kidogo kidogo na gepu inafunguka yenyewe. Ukipima ukapata 0.9 au zaidi kwa gari la turbo, usitafute mchawi.

Halafu soma namba. NGK wanaandika gepu mwishoni, -11 ni 1.1mm, -9 ni 0.9mm. BKR6EIX-11 imejaa kila duka kwa sababu ni ya magari ya kawaida yasiyo na turbo, mtu wa spea anaangalia nyuzi zinaingia, soketi inashika, anakupatia. Inaingia kweli, na gari inawaka vizuri, unaenda nayo nyumbani ukifurahia. Kesho yake ukiwa unapanda kilima inaanza. Unataka ile isiyo na -11, BKR6EIX au BKR7EIX, hizo zinakuja na gepu ya karibu 0.8. Mtu atakwambia chukua tu ya 1.1 tutaibana. Wenyewe NGK wanasema usisogeze gepu zaidi ya 0.2mm kutoka ilivyokuja, manake kile kidole ukikipinda sana hakikai sambamba na ncha, kinakuwa kimeinama upande mmoja na cheche inaruka pembeni tu. Kutoka 1.1 hadi 0.7 ni mbali.

Baada ya gepu angalia ile kauri nyeupe ya juu. Kuna Forester moja hapa Nakuru ilikuwa imebadilishiwa plagi na bado inamisi, plagi ya silinda ya tatu ilikuwa na mstari mwembamba mweusi, kama umechorwa na penseli, unaanzia kwa chuma unapanda kwa kauri hadi juu, na ukichungulia ndani ya mpira wa koili unaona mstari mwingine umelingana na ule kabisa. Hapo umeme ulishapata barabara yake. Ukiweka plagi mpya kwa mpira ule ule, umeme utafuata barabara ile ile na plagi mpya nayo itachorwa. Unabadilisha plagi na mpira wa koili pamoja, na kama mpira hauuzwi peke yake basi ni koili nzima. Usichanganye na ule mviringo wa hudhurungi unaotokea pale kauri inapokutana na chuma, huo watu wanasema gesi inavuja, hapana, ni uchafu wa mafuta kwa hewa unavutwa na umeme mkali, hauna shida yoyote.

Kama plagi na mipira iko sawa, sasa koili. Chomeka skana ya kusoma namba za makosa kwa kompyuta ya gari, hata zile ndogo za Bluetooth zinatosha. P0300 ni kumisi kwa silinda tofauti tofauti, P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi ya nne. Ikikuonyesha P0301, toa koili ya silinda ya kwanza upeleke kwa ya tatu na ya tatu uilete kwa ya kwanza, futa namba, endesha. Ikirudi P0303 koili ndiyo mgonjwa, na ikibaki P0301 koili haina makosa. Jaribio hili ni la bure kabisa na ajabu ni watu wangapi wananunua koili nne kabla ya kulifanya. Kwa Subaru, 1 na 3 ziko upande wa kulia, yaani upande wa dereva kwa magari yetu, 2 na 4 upande ule mwingine.

Na taa ya injini ikianza kupepesa, si kuwaka tu, kupepesa, punguza mguu. Hiyo inamaanisha petroli mbichi inaingia ekzosi na kata, kile kisafisha moshi cha ekzosi, inaungua nayo. (Kama kata yako bado iko, manake huku nyingi zilishakatwa zikauzwa.)

Kuna kitu kingine kinachofanana sana na plagi mbaya, paipu ya busti iliyochomoka ama kupasuka. Unakanyaga, unasikia shhh, gari haivuti, moshi mweusi nyuma. Hewa imeshahesabiwa na sensa ya kule mbele halafu inamwagika njiani, kompyuta inamwaga mafuta ya hewa ambayo haipo, plagi zinalowa, inamisi. Kabla ya kununua chochote kamata kila paipu kutoka turbo hadi intakula (kile kipoza hewa) hadi injini, zungusha, angalia klipu. Pampu ya mafuta nayo iko kwa hii orodha, ila pampu iliyochoka inanyima mafuta, kwa hivyo plagi zitakuwa nyeupe, hazitakuwa nyeusi. Plagi zenyewe zinakwambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Umeongeza busti

Kila Safari Rally ikija Naivasha, tangu irudi kwa WRC 2021, kuna vijana wanarudi Nakuru na hamu ya kuongeza busti, na baada ya hapo maswali ni yale yale. Ukiongeza busti unashindilia zaidi, kwa hivyo gepu ya kiwandani inaweza kuwa kubwa. Shuka pole pole, 0.8 kuja 0.7, ikikatakata bado 0.65, halafu 0.6. Chini ya hapo sipendi kwa gari la barabarani labda kama kiwanda chenyewe kimesema, manake cheche inakuwa fupi sana, gari ikiwa imesimama inatetemeka, asubuhi kwa baridi ya Molo inasumbua kuwaka. Gepu nzuri ni ile kubwa zaidi ambayo haikatikatiki kwa busti yako. Ukiona lazima ufike 0.5 ndio gari itulie, tatizo lako ni koili ama waya wa kuipelekea umeme, si gepu.

Plagi baridi hapa sasa ndipo ina maana, kwa sababu busti zaidi ni joto zaidi. Kwa NGK namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, 7 ni baridi kuliko 6. Denso vile vile lakini namba zao ni kubwa, 20 inalingana na NGK 6, 22 na 7, 24 na 8. Bosch wako kinyume, namba ikipanda plagi ni moto zaidi, na hapa watu wameumia, mtu anatoka NGK 6 anaenda kwa Bosch anatafuta namba kubwa akidhani anapoza injini. Busti ya kiwandani, baki na namba ya kiwandani. Umeongeza kidogo na gari imetyuniwa, yaani kompyuta imepangwa upya kwa busti hiyo, nenda hatua moja baridi zaidi. Hatua mbili ni za watu wa mashindano, wewe unapeleka watoto shule.

Nakuru iko sawa, ikifika Kisumu inaanza

Hii watu wanaiona kama miujiza. Gari imetyuniwa Nakuru, imeshuka Kericho, Awasi, Ahero, imefika Kisumu, mtu anapanda Riat kwenda Kakamega na joto la mchana, inakatakata au inagonga. Kisumu iko mita kama 1,130 tu. Hewa ya Nakuru ina mgandamizo wa karibu kPa 81, ya Kisumu karibu 88, tofauti ni kama psi moja. Kama busti yako inashikwa na ile kontrola ya mkono ya kuzungusha, yenyewe inahesabu psi juu ya hewa ya nje, kwa hivyo ile psi 14 ya Nakuru ukiipeleka Kisumu silinda inapata psi moja ya ziada bila wewe kugusa kitu. Ongeza joto la ziwa juu yake. Gepu iliyokuwa ikipita kwa nywele moja Nakuru inashindwa Kisumu, na injini iliyokuwa karibu kugonga inagonga.

Kwa hivyo kama gari lako linazunguka huku kote, weka gepu ya kutosha kule chini ziwani, halafu huku juu itakuwa na nafasi. Aliyeweka kwa kujaribu Nakuru tu hajamaliza kazi. Magari ambayo busti yake inasimamiwa na kompyuta ya kiwandani hayasumbuki sana na hili, kompyuta inajua mgandamizo wa hewa ya nje.

Plagi nyeusi

Masizi makavu meusi, yanafutika kwa kidole. Hapa usikimbilie plagi moto. Jiulize gari inatembea aje. Kama kazi yake ni nyumbani hadi kazini, kilomita chache, foleni, inazimwa, plagi haifiki joto la kujisafisha ambalo ni nyuzi 450 hivi, masizi yanakaa. Itoe safari moja ndefu, Nakuru kwenda Eldoret na kurudi, uangalie tena. Kama ziko nyeusi bado, basi mafuta ni mengi, tafuta sensa chafu ya hewa, sensa ya oksijeni iliyozeeka, eakilina iliyoziba vumbi, injekta inayovuja, ile paipu ya busti niliyosema. Na kama uliweka plagi baridi sana kwa gari ya busti ya kawaida, hiyo ndiyo zawadi yake, masizi ni njia ya umeme na gari itaanza kumisi hata bila busti.

Nyeusi na yenye unyevu wa mafuta ya petroli ni silinda ambayo haiwaki kabisa, rudi kwa koili.

Nyeusi ya kung'aa na utelezi ni oili. Kama oili iko nje, juu ya nyuzi na ndani ya shimo la plagi, ni sili za tapet kava (kifuniko cha valvu), kazi ndogo, lakini ifanye kabla ya kuweka koili mpya manake oili inalainisha mpira wa koili hadi unaachia umeme. Kama oili iko ndani, kwa ncha, ni ringi, ama sili za valvu, ama turbo inatema oili kwa paipu za hewa. Fungua paipu inayoingia intakula. Unyevu kidogo ni kawaida, ikimwagika si kawaida.

Halafu kuna rangi nyekundu kama kutu au machungwa. Hiyo mara nyingi ni zile chupa za kuongeza okteni zinazouzwa kwa kaunta za vituo vya mafuta. Nyingi zina manganizi au chuma ndani, vinaacha utando kwa kauri na utando ukizidi unapitisha umeme. Chupa moja haiui gari, lakini mtu anayemwaga kila akijaza ataona plagi zake zimekuwa rangi ya udongo wa Kakamega.

Plagi nyeupe, ama ina madoadoa, ama imevunjika

Hapa acha kukanyaga kabisa hadi ujue. Plagi nzuri ya turbo kauri yake ya ndani ni kijivu hafifu au kahawia ya chai ya maziwa. Ikiwa nyeupe kama chokaa na ncha ina malengelenge, silinda ni moto sana, plagi ikipita nyuzi 850 hivi inaanza kuwasha mafuta yenyewe kabla ya cheche. Chanzo kinaweza kuwa plagi moto kupita kiasi, mafuta machache, pampu iliyochoka, injekta iliyoziba, taimingi iliyosogezwa mbele sana, na hata plagi ambayo haikukazwa vizuri, manake plagi inapoza joto lake kupitia pale inapokaa kwa hedi (kichwa cha injini), ikiwa legelege haina pa kupeleka joto.

Shika plagi kwa jua uangalie kauri kwa karibu, miwani ikibidi. Vidoti vidogo vidogo vinavyong'aa, vya rangi ya fedha au vyeusi, ni alumini ya pistoni yako. Injini imekuwa ikigonga na pistoni inamenyeka. Plagi mpya hapo ni kupoteza hela, shughulikia kugonga kwanza. Angalia kifuniko cha tenki kinasema petroli gani. Turbo nyingi za kutoka Japan ziliundiwa petroli yao ya okteni ya juu, na tyuni iliyofanywa kwa mafuta ya kule haiwezi kuwa salama kwa mafuta ya kituo chochote cha huku. Punguza busti, tyuni kwa mafuta unayoyapata kweli, ndipo uzungumzie plagi.

Kauri ya ndani iliyovunjika kipande kwa injini ndogo za kisasa, zile 1.2 na 1.4 turbo zinazomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, usilaumu plagi tu. Hizi zina ugonjwa wake wa kuwaka mapema ukikanyaga kwa gia kubwa na mzunguko mdogo, na oili ina mchango. Tafuta oili iliyoandikwa API SP, kiwango kilichotoka 2020, na uache kupanda vilima na gia ya juu injini ikilia kwa shida.

Plagi mpya lakini inasumbua: feki na urefu

NGK na Denso feki zipo kila mahali, na kwa turbo feki haina huruma. Zipange nne kwa mkono. Halisi zinafanana, maandishi yamekaa safi, ile washa (pete ya chuma ya plagi kukalia) haichomoki kwa mkono, ncha ya iridiamu ni nyembamba (ya Denso ni 0.4mm, ya NGK 0.6mm) na imekaa katikati kabisa ya kidole. Feki utaona moja ina gepu ya 0.7, nyingine 0.9 kutoka boksi moja, ncha imeegemea upande, washa inacheza. Kama bei ni nusu ya duka lingine, jibu unalo tayari mkononi.

Urefu wa nyuzi pia. PFR ina nyuzi za 19mm, LFR ni 26.5mm, zote mbili zinashikwa na soketi ya 16 na kipenyo ni 14, kwa hivyo fupi itaingia kwa hedi ya ndefu vizuri kabisa. Cheche inabaki ndani ya shimo, nyuzi za hedi zinajaa masizi, na siku ya kuweka plagi sahihi inakataa kuingia. Ndefu kwa hedi ya fupi ni mbaya zaidi, inaweza kugongana na pistoni. Ilinganishe na ya zamani kabla ya kuizungusha hata raundi moja, lakini kwanza uhakikishe ya zamani ilikuwa sahihi, manake mwenye gari kabla yako naye alikuwa na fundi wake.

Iridiamu ama za kawaida za nikeli? Kwa turbo iridiamu si mbwembwe tu, ncha nyembamba inahitaji umeme kidogo kuruka, na gepu inakaa muda mrefu bila kufunguka. Nikeli inafanya kazi, wenye busti kubwa wengine wanaipenda kwa bei, lakini itabidi uitoe na kuipima mara kwa mara, na kwa Subaru unajua vile kuitoa kunachosha.

Kuweka gepu na kufunga

Tumia fila geji (kipimo cha gepu) ya waya, ama bapa nyembamba ukiwa mwangalifu. Ile geji ya umbo la sarafu ya kuzungusha pembeni achana nayo kwa iridiamu, inasukuma ncha ya katikati na ncha hiyo inakatika kama si leo ni kesho. Usiguse ncha, usiegemeze kitu kwa kauri, unapinda kidole cha nje peke yake na koleo maalum la gepu. Unataka 0.7? Waya wa 0.7 upite ukikwaruza kidogo, wa 0.75 ukatae. Pima zote nne hata kama boksi limeandika zimeshawekwa, manake boksi huanguka njiani.

Injini iwe baridi. Na kabla ya kulegeza plagi puliza shimo na hewa ya kompresa, vumbi la Nakuru linakaa mle ndani na ukitoa plagi linadondoka kwa pistoni. Kwa Subaru utatoa betri upande mmoja na boksi la eakilina upande mwingine ndio mkono upite, na fundi atakayekwambia haina haja kutoa chochote mwangalie vile atakavyoingiza plagi kwa kubahatisha. Anza kwa vidole na eksitensheni tu, bila rachet, izunguke laini hadi ikae. Ikigoma raundi ya kwanza rudisha, usilazimishe, hedi ni alumini. Kisha toki renchi, 25 hadi 30Nm kwa plagi ya 14mm yenye washa, 15 hadi 20 kwa ya 12mm. Huna toki renchi, ikishakaa kwa vidole ongeza nusu raundi kwa plagi mpya ya 14mm. Plagi iliyowahi kufungwa washa yake imeshabonyea, hiyo ni kidogo sana, sehemu ya kumi na mbili ya raundi. Grisi ya kopa kwa nyuzi usipake, NGK wenyewe wanasema nyuzi zao zimeshapakwa chuma cha kuzuia kutu, na ukiongeza grisi toki renchi inakudanganya unakaza kupita kiasi.

Umefanya yote na silinda moja bado inamisi

Plagi halisi, gepu 0.7, koili zimezungushwa, paipu ziko shwari, na skana bado inasema P0304 kila siku. Sasa pima kompreshoni (mgandamizo wa silinda) zote nne, injini ikiwa na joto, akselereta imekanyagwa hadi chini, betri ikiwa na nguvu. Angalia tofauti, kama tatu zinakaribiana na moja iko chini sana basi mwombe fundi aingize hewa ya kompresa kwa hiyo silinda pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa, halafu msikilize hewa inatokea wapi. Ikitokea kwa ekzosi ni valvu za kutolea. Ikitokea upande wa hewa ni valvu za kuingizia. Mapovu kwa rejeta ni gasketi ya hedi. Na ikipuliza kwa mfuniko wa oili ni ringi au pistoni imevunjika ukingo, ugonjwa unaojulikana kwa EJ za turbo zilizogonga muda mrefu, na hapo boksi lingine la plagi usinunue, weka hela ya injini.